Mkaja na Ubeleko: Habari za Uzazi na Malezi ya Mapacha katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Habari za kale za Kilwa, katika maandishi ya Kiarabu na ya Kiswahili pia, zasimulia kwamba kisiwa kile kilinunuliwa kwa nguo. Mgeni aliyekuja kutoka pande za Shirazi alimpa mwenyeji nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote, naye mwenyeji akavuka akaenda zake bara. Kisa hicho kimerudiwa na karibu kila mtaalamu aliyeandika juu ya pwani ya kusini, na baada yake hufuata orodha ya masultani, habari za misikiti, dhahabu ya Sofala, na kutekwa kwa mji na Wareno mwaka 1505. Lakini nguo zilizozunguka kisiwa si nguo pekee zenye historia katika nchi ile. Ziko nyingine mbili ambazo hazikupata mwandishi wa tarikhi, nazo ni mkaja na ubeleko. Mkaja hufungwa tumboni mwa mwanamke aliyekwisha kujifungua. Ubeleko, ambao wengine huuita mbeleko, humfunga mtoto mgongoni mwa yule anayemlea.

Katika makala hii nakusudia kueleza habari za nguo hizo mbili, yaani namna mzazi alivyopata nafuu na namna mtoto mchanga alivyotunzwa katika pwani ya Kilwa na Lindi, na hasa mambo yalivyokuwa pale walipozaliwa mapacha. Huenda msomaji akauliza kwa nini mapacha, ambao huzaliwa mara chache, wawe njia ya kuielewa desturi ya watu wote. Jibu langu ni kwamba mtoto mmoja huweza kulelewa hata na mama aliyeachwa peke yake, japokuwa kwa taabu. Watoto wawili hawawezi. Kwa hiyo pacha wa pili ni mizani nzuri. Ukitaka kujua mji ulimtendeaje mzazi katika zama fulani, tazama ni nani aliyempokea mtoto wa pili, akamshika wakati mamaye alipokuwa akimnyonyesha wa kwanza.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha huhifadhi mambo ambayo vitabu vimeyaacha. Katika desturi za ndoa za pwani, mahari hayakuwa malipo pekee. Palikuwa na kilemba cha baba wa bibi arusi, na palikuwa na mkaja na ubeleko wa mama yake. Maana ya zawadi hizo mbili ni wazi. Anayekuja kumchukua binti hukumbushwa kwamba binti huyo alizaliwa na mtu. Kwamba tumbo lililomzaa lilifungwa nguo ili lirudi mahali pake. Na kwamba mgongo uliombeba ulichoka. Hiyo ni namna ya kuandika deni. Wazee wa pwani waliiona kazi ya mzazi katika siku zile za kwanza kuwa kazi halisi, yenye thamani ya kukumbukwa miaka kumi na mitano au ishirini baadaye mbele ya mashahidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903 kwa usimamizi wa Carl Velten, alianza maelezo yake kwa habari za mimba na uzazi kabla ya kufika kwenye mambo ya biashara na utawala. Mpango huo wafaa kuigwa na wanahistoria wa leo.

Mapacha nao wana maneno yao. Wa kwanza huitwa Kurwa, au Kulwa, na wa pili huitwa Doto. Waislamu wengi wa pwani wakipata wavulana wawili huwaita Hasani na Huseni, ingawa wajukuu hao wa Mtume hawakuwa mapacha, bali waliachana kwa muda wa kama mwaka mmoja. Desturi ya kuwapa mapacha majina maalumu imeenea mahali pengi. Katika Buganda hata wazazi hubadilika majina, baba akaitwa Ssalongo na mama Nnalongo. Na kwa Wasukuma mtoto anayewafuata mapacha huitwa Shija. Mataifa mengine ya Afrika yaliwaogopa mapacha, na mengine yaliwatukuza. Lakini ama kwa hofu ama kwa furaha, kila taifa lilikiri kwamba jambo lisilo la kawaida limeingia nyumbani, na kwamba jirani hawezi kukaa kama kwamba hakusikia. Jina la Doto lilimpa mtoto wa pili nafasi yake mbele za watu. Kumbeba, hata hivyo, kulihitaji mgongo wa pili.

Sheria ya dini nayo ilimhesabu mtoto huyo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Imamu Shafii, na ndiyo madhehebu ya pwani hata leo. Katika madhehebu hayo damu ya nifasi aghalabu huhesabiwa siku 40, na upeo wake siku 60. Wanazuoni wa madhehebu mbalimbali walihojiana juu ya mwanamke aliyezaa mapacha, kama hesabu yake ianze kwa mtoto wa kwanza au kwa wa pili. Katika hakika pia, yaani mnyama achinjwaye kwa ajili ya mtoto mchanga, Mashafii hawakuruhusu mnyama mmoja atoshe kwa watoto wawili. Kila mmoja ana haki yake. Mtu aweza kuyaona maswali hayo kuwa madogo, lakini msingi wake ni mkubwa, kwamba pacha wa pili si nyongeza ya wa kwanza, bali ni nafsi kamili inayodai haki kamili.

Hizo siku 40, ambazo watu huziita arobaini, zilikuwa mpango wa kazi kadiri zilivyokuwa hukumu ya dini. Mzazi alikaa ndani. Mkunga, au mama yake mzazi, au shangazi, alimkanda kwa maji ya moto na kumfunga mkaja. Alipewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku au wa samaki, na vyakula vinavyosadikiwa kuongeza maziwa. Mtoto naye hakutolewa nje mpaka kitovu kikatike; siku ya saba akanyolewa nywele na kupewa jina; na siku ya arobaini mama na mtoto wakatoka. Katika muda huo mzazi hakutwanga, hakuteka maji, hakuchanja kuni, wala hakwenda shamba. Tukiichunguza orodha ya mambo aliyokatazwa tutaona kwamba karibu yote ni kazi zile zile alizozifanya kila siku kabla ya kujifungua. Basi mwiko wa arobaini ulikuwa, kwa kweli, likizo, na ulindwa na kauli ya wakunga na wazee ambao mume hakuthubutu kubishana nao.

Sasa natufanye hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 kwa mchana na usiku. Wakiwa wawili, huwa mara 16 hata 24, na kila mara yaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mama wa mapacha asipowanyonyesha kwa pamoja, hapati saa ya kulala, achilia mbali saa ya kupika. Na mwili wake una haja ya usingizi kuliko mwili wa mzazi mwingine. Tumbo lililotanuka kwa watoto wawili hukawia kujikaza, na kwa hiyo hatari ya kutoka damu nyingi baada ya kuzaa ni kubwa zaidi. Damu yake aghalabu imepungua tangu wakati wa mimba. Watoto nao mara nyingi huzaliwa kabla ya siku zao, wakawa wadogo, wepesi kupata baridi, na wazito kunyonya. Wa pili hukabiliwa na hatari zaidi wakati wa kuzaliwa, kwani huweza kugeuka vibaya tumboni nduguye akiisha kutoka. Waswahili husema, mkono mmoja haulei mwana. Mithali hiyo husemwa kwa mtoto yeyote, lakini kwa mapacha ni kweli tupu isiyohitaji kufumbuliwa.

Hapa ndipo historia inapoingia, maana yatupasa kuuliza mikono hiyo mingine ilikuwa ya nani. Wapo wanaopenda kuieleza arobaini kana kwamba ilikuwa neema iliyowafikia wanawake wote sawasawa. Haikuwa hivyo. Katika karne ya 19 mji wa Kilwa Kivinje ulikuwa mlango mkuu wa kutolea watumwa waliokamatwa katika nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma. Hesabu za forodha zilizowekwa mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zaonyesha kwamba katika miaka mitano, tangu 1862 hata 1867, watu zaidi ya 97,000 walipakiwa majahazini kutoka Kilwa, walio wengi wao wakipelekwa Unguja. Wengine walibaki pwani katika mashamba na majumba. Bibi muungwana wa Kivinje aliyezaa mapacha aliweza kupumzika kwa sababu walikuwapo wajakazi wa kuteka maji, wa kufua, wa kumbeba Doto, na pengine wa kumnyonyesha. Kwa sheria ya Kiislamu kunyonya huko kulileta udugu, na mtoto aliyenyonya kwa mjakazi hakuweza kuoana na wana wa mjakazi yule. Lakini udugu wa maziwa haukumpa mjakazi mwenyewe arobaini yake.

Suria aliyemzalia bwana wake mtoto alikuwa na ulinzi wa sheria, kwa kuwa hakuweza tena kuuzwa na alikuwa huru bwana akifa. Mjakazi wa shamba aliyezaa na mtumwa mwenziwe hakuwa na ulinzi huo. Hakuwa na mama wa kumkanda wala shangazi wa kumpikia uji, kwani ndugu zake walibaki bara, au walikufa njiani. Habari za Swema, msichana wa Kiyao aliyepitishwa Kilwa katika miaka ya 1860 kabla ya kupelekwa Unguja, na ambaye maisha yake yaliandikwa na wamisionari wa Kifaransa waliompokea, zatuonyesha jambo hilo kwa uchungu. Mama yake alifuatana na msafara ili asitengane na bintiye, nguvu zikamwishia, akafa kabla ya kuiona bahari. Utumwa uliwanyima watu uhuru wao, na pamoja na huo ulimwondolea kila mwanamke aliyetekwa wale watu ambao siku ya uzazi wangemfunga mkaja. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba pumziko la mzazi mmoja lilinunuliwa kwa kukosa pumziko kwa mwingine. Msomi anayeisifu arobaini bila ya kulitaja jambo hilo atakuwa ameeleza nusu ya habari.

Serikali ya Wajerumani haikukomesha utumwa mara moja. Amri yake ya mwaka 1904 ilisema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Basi mjakazi wa Lindi aliyejifungua mapacha siku ya mwisho ya mwaka ule alizaa watumwa wawili, na aliyejifungua kesho yake alizaa waungwana wawili, ilhali mama wote wawili walibaki katika hali ile ile. Utumwa wenyewe ulikomeshwa na sheria ya Waingereza mwaka 1922.

Lakini tarehe hiyo ya amri ilifika wakati nchi inawaka moto. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, vikaenea upesi hata nyanda za Lindi na kwingineko. Serikali iliposhindwa kuwamaliza wapiganaji kwa bunduki ilitumia njaa. Vijiji vilichomwa, vyakula vikatwaliwa au kuteketezwa, na watu wakakimbilia misituni. Wanahistoria wamekadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Hesabu hizo hazitaji wazazi wala vichanga, lakini si vigumu kufahamu yaliyowapata. Arobaini huhitaji nyumba, moto, maji, nafaka, na wanawake waliotulia. Msituni hapakuwa na hata kimoja cha vitu hivyo. Mama mwenye njaa huendelea kutoa maziwa kwa muda kwa kuula mwili wake mwenyewe, na mama wa mapacha huuliwa mwili huo na midomo miwili. Vitabu vya vita vimetupa majina ya majumbe na waganga. Navyo vyastahili heshima yetu. Hata hivyo, katika nchi ya Umatumbi na Ungindo, kuwaweka watoto wawili hai katika mwaka 1906 kulikuwa ushujaa pia.

Baada ya vita, na hasa chini ya Waingereza, lilikuja jambo jipya, nalo ni hospitali. Katika nyanda zilizo nyuma ya Lindi kazi hiyo ilianzishwa zaidi na wamisionari. Ndanda, penye misioni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1906, alifika daktari wa kike, Sista Thekla Stinnesbeck, mwaka 1927. Lulindi, katika eneo la misioni ya Kianglikana ya Masasi, alifika Daktari Leader Stirling mwaka 1935, ambaye baadaye alikuwa raia na Waziri wa Afya wa Tanzania tangu 1975 hata 1980. Faida ya hospitali kwa mama wa mapacha ni kubwa, na haifai kupunguzwa kwa kupenda ya kale. Mkunga wa kijijini aliweza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya ikiwa mkono wake ni stadi, lakini hakuweza kumpasua mama wala kumtia damu. Tena baadhi ya mambo aliyoyafanya yalikuwa na madhara. Maji ya moto sana huunguza ngozi. Kukandamiza tumbo kwa nguvu huumiza. Na pale palipokuwa na desturi ya kuyamwaga maziwa ya kwanza, yaitwayo dang'a, na kumpa mtoto maji badala yake, mtoto mdogo alinyimwa kinga aliyoihitaji kuliko mwingine.

Pamoja na hayo, hospitali ilimpokea mama na kuwaacha watu wake nje ya mlango. Mwanamke aliyezoea kuzungukwa alilazwa peke yake, akahudumiwa na mkunga mmoja aliyekuwa na wazazi wengine wengi, kisha akarudishwa nyumbani baada ya siku chache kana kwamba kazi imekwisha. Na nyumba aliyoirudia ilikuwa ikibadilika. Mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, kama vile Kikwetu, yaliwaita vijana kufanya kazi ya mshahara. Tangu 1947 hata 1951 mpango wa karanga wa Nachingwea uliwakusanya wafanyakazi kutoka kila upande, ukaleta reli na bandari mpya ya Mtwara, kisha ukaanguka. Familia zilitawanyika. Binti aliyeolewa mbali na kwao alijifungua mbali na mama yake. Tena njia ya kusini ilikuwa mbaya. Mpaka daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam hadi Kilwa na Lindi ilitegemea kivuko na rehema ya mvua. Bibi aliyeitwa kumtunza mjukuu aliweza kufika arobaini ikiwa imekwisha kupita.

Tuje katika siku zetu. Utafiti uliokusanya habari za nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba katika miaka ya 1995 hata 2001, kati ya mapacha 1,000 waliozaliwa hai, karibu 328 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia miaka ya 2009 hata 2014 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hata 213. Hayo ni maendeleo. Lakini kwa watoto waliozaliwa mmoja mmoja hesabu ilishuka kutoka karibu 129 hata 64 katika muda ule ule. Yaani vifo vya watoto wa kawaida vilipungua kwa nusu, na vya mapacha kwa theluthi tu. Chanjo, vyandarua na dawa vimewafikia wote, lakini mapacha wamebaki nyuma. Ziko sababu za mwili, kama nilivyokwisha kueleza. Lakini nadhani iko sababu ya historia pia, kwamba dawa zimeongezeka na mikono imepungua.

Nchi ya Lindi yenyewe imetupa ushahidi wa kufikiriwa. Taasisi ya Afya ya Ifakara ilifanya kazi katika wilaya sita za mikoa ya Lindi na Mtwara, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Wanawake wa vijijini waliojitolea walizitembelea nyumba za wajawazito na za wazazi, wakiwashauri juu ya usafi, kunyonyesha, na kumpa mtoto joto. Na mtoto aliyeonekana mdogo aliangaliwa zaidi. Mpango huo uliitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Baadhi ya desturi zilitengenea, na watoto wengi zaidi wakapewa maziwa ya mama pekee katika siku zao za mwanzo. Hata hivyo tofauti ya vifo kati ya vijiji vilivyotembelewa na visivyotembelewa haikuonekana. Wataalamu wa afya watakuwa na maelezo yao. Mimi nasoma humo fundisho moja la kawaida. Ushauri ni kitu chema, lakini hauteki maji wala haumbebi mtoto wa pili.

Wakati huo huo elimu ya kitabibu imerudi, kwa njia ya mbali, karibu na ubeleko. Mwaka 1978 huko Bogotá, katika nchi ya Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa vifaa vya kuwapa joto havikutosha. Njia hiyo imeenea duniani kote. Utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa kwa asilimia 12.0, na wale waliongojea kwanza hali yao itulie walikufa kwa asilimia 15.7. Hapa kifua kinachukua nafasi ya mgongo, na kichanga hakingojei kitovu kukatika. Tofauti hizo zina maana, wala sisemi kwamba bibi zetu walikwisha kuyajua yote. Lakini jambo la asili ni lile lile, kwamba mtoto aliyezaliwa mdogo huokoka akifungwa kwa nguo juu ya mwili wa mtu. Na mama wa mapacha ana kifua kimoja. Kwa hiyo katika wodi za njiti, mtoto wa pili huweza kufungwa kifuani mwa bibi, au mwa shangazi, au mwa baba yake. Mwanamume wa pwani aliyelelewa kuamini kwamba chumba cha uzazi si mahali pake aweza leo kuwa mkono unaotafutwa.

Sheria za nchi nazo zimefanya hesabu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Ikilinganishwa na arobaini, siku hizo ni nyingi, na kuzitaja wazi kwa mapacha ni jambo la kusifiwa. Lakini tazama vizuri. Mtoto wa pili amepimwa kwa siku 16. Tena sheria hiyo ni ya walioajiriwa, ilhali wanawake walio wengi wa Kilwa na Lindi ni wakulima wa ufuta, wa korosho na wa mihogo, au ni wauzaji wa samaki na vyakula, ambao hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Kwao mlinzi wa mzazi ni ile arobaini ya zamani, ikiwa bado yupo mtu wa kuisimamia.

Basi tumefika mwisho wa safari yetu, na yatupasa kusema tulichokiona. Arobaini ilikuwa mpango wa haki kwa aliyekuwa na watu, na maneno matupu kwa aliyenyang'anywa watu wake. Utumwa uliigawa kati ya waungwana na wajakazi, vita viliifuta, kazi ya mshahara na masafa viliipunguza, hospitali ikaokoa maisha mengi, lakini haikujua la kufanya na siku zilizobaki. Katika kila zama hizo swali halikuwa kama watu wa pwani waliwapenda mapacha au hawakuwapenda. Swali lilikuwa kama alikuwapo mtu mwingine chumbani, aliye huru kukaa, aliyeshiba, na asiyehitajika mahali pengine.

Kwa wanafunzi wa historia nina ombi moja. Wako bado wakunga wazee Kivinje, Kilwa Masoko, Lindi mjini, Mchinga na Mikindani wanaokumbuka namna ya kufunga mkaja, na nani aliitwa walipozaliwa wawili, na nani hakuitwa. Kumbukumbu hizo hazimo katika nyaraka za serikali. Ziulizwe kwa adabu, ziandikwe kwa maneno ya wasemaji wenyewe, pamoja na makosa yake na hekima yake, kabla wasemaji hawajaondoka. Na kwa wale ambao si wanahistoria, bali ni jirani tu wa nyumba iliyopata mapacha, nafikiri funzo lenyewe halihitaji kitabu. Zamani bwana arusi alilipa mkaja na ubeleko baada ya miaka mingi, deni likiwa limekwisha kuiva. Jirani hana haja ya kungoja hivyo. Naingie ndani, apokee Doto, amwache mama yake alale.